Mkono wa Kulia wa Profesa

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi, na miaka yote tuliyokaa ofisi moja ya walimu sikuwahi kumuuliza. Nilichokijua mimi ni mkono wake wa kulia. Huo naweza kuuchora hata nikiwa nimefumba macho: vidole virefu, kucha zimekatwa hadi karibu na nyama, chaki imeingia kwenye mikunjo ya ngozi na maji hayaitoi tena. Niliuchukia mkono ule. Na niseme mapema, nisije nikaonekana mnafiki mbele ya safari: haukunitendea ubaya wowote. Niliuonea wivu.

Sote tulimwita Profesa. Uprofesa wenyewe hakuwa nao. Ni kwamba hapa Kigali walimu wa sekondari wa rika lake, waliosoma kwa Kifaransa, waliitwa hivyo na wanafunzi wao, na kwake jina likaganda. Yeye alifundisha fizikia madarasa ya juu. Mimi nilifundisha fizikia hiyohiyo madarasa ya chini. Sijui kama mnaelewa maana yake. Mimi ndiye niliyewapokea watoto hawajui tofauti ya uzito na tungamo, nikawapigia kelele, nikawakaririsha hadi sauti ikanikauka, kisha wakishapata akili wanapanda ngazi kwenda kwake. Baada ya miaka wanarudi kutembelea shule, wahandisi wazima, viatu vinang'aa, wanachungulia mlangoni kwangu na kuuliza, "Shikamoo Madamu, Profesa yupo?"

Marahaba. Yupo, juu.

Mimi nimekulia Ngara, nimesomea Tanzania tangu darasa la kwanza hadi chuo cha ualimu, na Kiswahili changu sina haja ya kukionea haya. Chake, mama yangu! Kilikuwa cha barabarani, kimechanganyika na cha Kongo, nomino zote kazitupa kapu moja. Kiingereza ambacho tunatakiwa kufundishia alikisema kwa shida, Kifaransa kikichungulia kila baada ya neno la tatu. Akikwama kabisa anamalizia kwa Kinyarwanda na vidole. Nilikuwa nikisimama kwenye korido nje ya darasa lake nikijifanya natafuta funguo kwenye mkoba, nikisikiliza vile anavyoharibu lugha tatu kwa mpigo, na ndani kimya kabisa. Darasani kwangu, penye sentensi safi, kuna waliokuwa wanachora katuni.

Somo lake kubwa, lile lililompa jina katika mji mzima wa watoto wa sayansi, lilikuwa hili: chembe yenye chaji ikipita mbele ya sumaku inasukumwa. Haisukumwi mbele, haivutwi nyuma. Inasukumwa ubavuni, na kwa hiyo inakata kona. Na ikiwa imesimama tu haisukumwi kabisa, hata uilete sumaku kubwa kiasi gani. Mimi ningekuandikia kanuni ubaoni na herufi zake zote. Yeye alisema, "Sumaku haina kazi na mutu mwenye amesimama," basi, mtoto haisahau hadi kaburini. Alilitumia kwa kila jambo. Mwanafunzi akisinzia, sumaku haina kazi na mutu mwenye amesimama. Mkuu wa shule akichelewesha kikao, hilohilo. Siku moja nikamsikia binti yangu anamwambia baba yake hivyo sebuleni, baba yake alipokuwa amejilaza mbele ya mpira, na mume wangu akacheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka.

Cha ajabu ni kwamba mwenyewe hakuwa mtu wa mwendo. Alikuwa mwoga wa pikipiki kupita kiasi. Kutoka kwake Remera kuja shuleni, karibu na Sonatubes, alitembea kwa miguu kila siku, mvua au jua, na motari, wale wabeba abiria kwa pikipiki, walimjua wakawa wanampungia kwa utani tu. Alikuwa hapendi hata ngazi. Akifika darasani anakaa kwenye kiti na hatoki mpaka kengele. Ni mkono tu uliokuwa unatembea. Nilimwambia mara moja, kwa ubaya wa roho nakiri, kwamba mtu anayefundisha chembe ziendazo kasi angalau apande pikipiki. Akanijibu taratibu kwamba chembe haina watoto.

Hakuwa mkarimu wa sifa. Majina ya wanafunzi hayakumkaa kichwani, akawaita kwa mahali wanapokaa: wewe wa dirisha, wewe wa mlango, wewe wa nyuma ya huyu mrefu. Karatasi ya mtihani akiirudisha ina alama na mstari mmoja mwekundu, hakuna "vizuri" wala "jitahidi". Mimi nilijaza pembezoni maneno ya kutia moyo mpaka wino unaisha. Basi eti watoto walikuwa wanapeana zile karatasi zake wakihesabu nani kapata mstari mfupi zaidi.

Halafu runinga. Tulikuwa tumeomba vifaa vya maabara muda mrefu, mimi nikiandika maombi kwa adabu zote, kila muhula. Yeye hakuomba. Alitembea Jumamosi moja mpaka Gatsata, kwenye magereji na vibanda vya vipuri, akarudi na spika iliyopasuka ya gari na runinga ya zamani, zile zenye kisogo. Spika akaivunja akatoa sumaku. Kisha akaja mezani kwangu, "Madamu, nipatie rangi ya kucha." Nikampa, nyekundu, ilikuwa mpya. Akapaka upande wa kaskazini wa sumaku ili watoto wautambue, na chupa sikuiona tena. Akawasha runinga, mtangazaji wa habari akatokea, akaisogeza ile sumaku kwenye kioo na uso wa mtangazaji ukapindika kama unga wa chapati. Darasa likalipuka. Akawaeleza kwamba picha ile yote inachorwa na elektroni zinazorushwa kutoka nyuma kuja kwetu, na kwamba sumaku inazipotosha njiani.

"Haiongeze mbio, haipunguze," akasema. "Inamugeuza tu."

Pembe moja ya runinga ile ilibaki na doa la kijani daima, na kila aliyetangaza upande huo alionekana mgonjwa wa ini. Watoto waliipenda hivyohivyo.

Sasa nieleze habari ya mikono, maana hapo ndipo kidonda kilipo.

Ili kujua chembe itasukumwa upande gani, tunatumia vidole vitatu vilivyotanuliwa, kila kimoja kikielekea kwake. Mimi nilifundishwa Tanzania mkono wa kushoto. Gumba ni nguvu, kidole cha shahada ni sumaku, cha kati ni umeme. Yeye, na Kifaransa chake, alifundishwa mkono wa kulia, na vidole vina kazi nyingine: gumba ni umeme, shahada ni sumaku, cha kati ndicho nguvu. Zote mbili zinatoa jibu lilelile. Hakuna aliyekosea. Lakini ole wako uchukue mkono wa mmoja na vidole vya mwingine. Jibu linageuka chini juu. Shida hiyo sidhani kama wanayo kwingine. Ni ya kwetu hapa, ambapo mwalimu mmoja ametokea kusini-mashariki na mwingine kwenye vitabu vya Kifaransa, na mtoto ni mmoja.

Mtoto huyo alikuwa Keza, binti yangu.

Nilimfundisha mkono wa kushoto jikoni, kabla hajafika kwa Profesa, tukimenya ndizi. Nilitaka afike kule tayari ana cha kwangu. Nilimshika vidole vilivyojaa utomvu nikamwambia, "Gumba ndiye bosi, anakoelekea ndiko mnakoenda. Shahada anatoka kaskazini. Cha kati anafuata umeme. Hao wawili waliobaki walale, hawajaalikwa." Akazungusha macho kama wafanyavyo wa umri wake, akasema, sawa Mama, akarudi kwenye ndizi. Nilijipongeza kimoyomoyo. Nilidhani nimeweka alama.

Alipopanda kwa Profesa nikampoteza. Hivyo ndivyo nilivyoona. Aliacha kuniuliza maswali. Akirudi nyumbani ni Profesa kasema, Profesa kafanya, Profesa leo kavaa soksi mbili tofauti. Na yule mzee asiyekumbuka jina la mtu, huyu alimwita Keza. Siku ya kwanza nilipomsikia akilitaja jina lile koridoni niligeuza nikarudi nilikotoka. Mtoto nimembeba tumboni, nimempa fizikia na maziwa, halafu mtu anakaa tu kwenye kiti anamgeuza bila hata kumgusa. Mimi nilikuwa namsukuma kutoka nyuma kwa nguvu zangu zote. Yeye alikuwa amesimama ubavuni.

Kisha ukaja mtihani wa majaribio. Keza akarudi na sifuri kwenye swali ambalo angelijibu usingizini. Nilimkalisha mezani nikamwambia anionyeshe alivyofanya. Akainua mkono wa kushoto, wa kwangu, akaupa vidole vya Profesa. Nilitaka kulia na kucheka. Nikamuuliza mwanangu Profesa alisemaje. Alisema achague mkono mmoja, Keza akanijibu. Hakusema upi.

Asubuhi yake nilimfuata ofisini, sikungoja hata anywe chai. Nilimwambia kwamba mwanangu alikuwa anaijua kanuni vizuri kabla hajakanganywa. Nilisema maneno mengi, kwa Kiswahili changu kizuri. Alinisikiliza akikoroga kikombe.

"Madamu," akasema, "mikono yote mbili iko sawa. Lakini siku ya mutihani mutoto hawezi kubeba mbili. Wacha achague yeye."

"Na akichagua wa kwako?"

"Atachagua," akasema, kama hakunisikia, na akaniuliza kama nataka sukari.

Tangu hapo nikawa sina raha. Watu watacheka, lakini ilikuwa hivyo: nilikuwa nasubiri kuona mwanangu atainua mkono upi. Akiinua kushoto, ni wangu. Akiinua kulia, ameshachukuliwa. Nikimwona anasoma mezani nilikuwa napita na ufagio nichungulie vidole vyake, naye akinisikia anaviweka chini ya meza. Kumuuliza sikuthubutu. Nitamuuliza nini, unampenda nani?

Jibu nililipata siku ya wazazi. Profesa alikuwa amepata kwa fundi redio kifaa chenye kioo cha duara na nukta moja ya kijani katikati; nukta ile ni elektroni zinazokuja moja kwa moja usoni kwako. Keza alipangiwa asimame mbele ya wageni, ashike sumaku upande wa kulia wa kioo, ile rangi yangu ya kucha ikiwa imeelekea kwenye kioo, lakini kabla hajaisogeza atabiri nukta itaenda wapi. Darasa lilijaa wazazi. Mume wangu alikuwa kazini. Mimi nilikaa safu ya mbele, nimevaa kitenge changu kizuri. Profesa alikuwa kwenye kiti chake pembeni, anaangalia dirishani kama hayamhusu.

Keza akaweka sumaku mezani. Akainua mikono yote miwili.

Nakwambia nilisogea hadi ukingo wa kiti. Aliuangalia mmoja, akauangalia mwingine, vidole vitatu huku na vitatu huku. Midomo ilikuwa inamchezacheza. Kisha mkono wa kushoto akautia kwenye mfuko wa sketi. Akaugeuza wa kulia polepole, akakumbuka kwamba elektroni ni hasi na gumba lazima lielekee kinyume na zinakokwenda, akasema kwa sauti nyembamba kwamba nukta itapanda. Akasogeza sumaku. Nukta ikapanda.

Wazazi wakapiga makofi, nami nikapiga, tena kwa nguvu hadi viganja vikauma. Keza alimgeukia Profesa kwanza. Profesa akainamisha kichwa kidogo tu, kama mtu aliyerudishiwa chenji sahihi. Nilirudi nyumbani nikafua nguo zote, hata zile safi.

Mtihani wa taifa alifaulu. Akaenda chuo kusomea umeme. Profesa akastaafu mwaka huohuo, tukamfanyia sherehe ya fanta na sambusa, na hotuba ya kumuaga nilipewa mimi kwa kuwa nasema vizuri. Nilisema vizuri. Madarasa ya juu wakanipa mimi, na kiti chake. Kiti kilikuwa kinayumba. Miaka yote ile sikujua kwamba alikaa pale akijishikilia. Watoto wakanipokea kwa heshima, na mwezi wa kwanza mmoja akaniuliza kama nitaleta runinga.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, tulisikia amepooza upande mmoja. Nilisema nitaenda kumwona, nikasema tena, sikwenda. Keza aliporudi likizo hakufungua hata begi. Alisema anaenda Remera. Nikasema basi twende wote, mgonjwa haendewi mikono mitupu. Tukabeba maziwa na matunda.

Tulimkuta amekaa barazani kwake, blanketi magotini, mkono wa kulia umelazwa juu ya blanketi kama kitu cha mtu mwingine. Vidole vilikuwa vimejikunja. Chaki ilikuwa imetoka yote. Nilikuwa nimeuchukia mkono ule kwa miaka, na nilipouona hivyo nilikosa pa kutazama, nikajishughulisha na maziwa. Sauti yake ilikuwa imepungua, maneno yanatoka yakiburuta mguu, lakini akili ilikuwa ileile. Alimuuliza Keza habari za chuo. Keza akasimulia. Pale mezani, kati ya vidonge na kikombe, niliiona ile sumaku ya Gatsata, rangi nyekundu bado ipo, imebanduka pembeni.

Akayafuata macho yangu. Akaniambia kwamba daktari anasema mkono unaweza kurudi kidogo, ila vidole hapana. Kisha akasema, "Sasa sijui kitu chochote inaenda wapi, Madamu. Ile ya kwako, ya kushoto. Munionyeshe."

Yaani yeye. Mimi nimwonyeshe yeye. Kama kuna kitu niliwahi kukitamani usiku nikiwa macho, ni hicho. Nikaweka chini mkoba, nikakohoa, nikatafuta pa kuanzia, na nilipokuwa bado natafuta Keza akawa ameshapiga magoti mbele yake, ameushika ule mkono wa kushoto na anaukunjua.

"Gumba ndiye bosi," akamwambia. "Anakoelekea ndiko mnakoenda. Shahada anatoka kaskazini. Cha kati anafuata umeme." Vidole viwili vya mwisho vya mzee vilikuwa vimesimama pamoja na vingine, Keza akavilaza taratibu kwa kidole chake. "Hawa wawili walale, Profesa. Hawajaalikwa."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na matunda mkononi. Profesa akaniangalia juu ya kichwa cha mtoto, kisha akamrudia.

"Hiyo ulisoma wapi?"

"Jikoni," Keza akasema.

Akaichukua sumaku, akaishika upande wa kulia wa mzee, nyekundu ikimwelekea, akamwambia elektroni zinakuja usoni kwake, zinaenda wapi? Profesa akajipinda, akahangaika na kiwiko, akaupindua mkono mpaka shahada kikatazama kushoto na cha kati kikatazama kifua chake. Gumba likaangalia sakafu.

"Inashuka," akasema.

"Elektroni!" tukasema, mimi na Keza, kwa pamoja na kwa sauti moja ya ukali, ile niliyowapigia watoto madarasa ya chini miaka nenda rudi. Sikuwa najua kwamba mwanangu naye anayo. Keza akageuka kunitazama akiwa bado amepiga magoti, akaanza kucheka, nami nikacheka, tukashindwa kunyamaza mbele ya mgonjwa.

Profesa hakucheka. Mkono wake ulikuwa bado uko hewani, vidole vitatu wazi, viwili vimelala. Alimwangalia Keza, akaniangalia mimi, akamwangalia Keza tena, na jicho lake lilikuwa na kitu ambacho nilikitambua papo hapo, maana nilitembea nacho koridoni kwake miaka yote, nikijifanya natafuta funguo.

Nikavuta kigoda, nikakaa upande wake wa kushoto. Nikamwambia, "Tuanze tena, Mzee. Elektroni ni hasi."